Nilikula managu nzuri zote, nikabaki na mbegu za wenye haraka

Wakuu, sasa. Hii stori haina chumvi ya kuongezwa. Chumvi yote ilienda kwa sufuria.

Mimi ni mtu wa nyumba. Wengine weekend wanaenda nyama choma, mimi naangalia kitchen garden yangu hapa Lanet kama ni TV.

July ya mwaka jana, ile baridi ya sweta mbili, nilikaa kando ya jiko nikichagua mbegu. Managu, ile mboga wengine wanaita mnavu, ya mathe, mama yangu, kutoka Subukia. Yeye aliacha kulima sababu ya magoti, kwa hivyo hiyo mbegu iko kwangu tu. Ikipotea, imepotea.

Na ilikuwa inapotea. Kila season majani yanakuwa madogo. Mmea haujafika goti, tayari umetoa maua, majani yamekuwa machungu.

Nililaumu mchanga. Nikalaumu kuku wa jirani. Kuku hakujitetea.

Mama Shiru, bibi yangu, alikuwa ameamua. "Baba Shiru, nunua mbegu ya duka, ya agrovet. Hii ya mathe imechoka kama wewe."

Mathe alikuwa ametutembelea hiyo wiki. Akaangalia mbegu kwa sahani, akaniuliza, "Hizi ulitoa kwa mimea gani?"

"Kwa zile zilibaki."

"Zilibaki aje?"

Nikamweleza. Zile zimenona tunachuma na ugali mpaka zinaisha. Zile zimekimbilia maua hakuna mtu anazitaka, basi hizo ndizo zinazaa mbegu.

Mathe alicheka mpaka akafungua kitambaa cha kichwa.

"Kijana yangu! Umekula warembo wote, ukaozesha wenye haraka. Sasa unashangaa watoto wana haraka?"

Form four yangu yote, na hiyo sikuwa nimeiona.

Kwa bahati, chini ya kopo lake la zamani, lile alinipa akiacha kulima, kulikuwa na mbegu kidogo kwa jivu la kuzuia wadudu, zile alichagua mwenyewe. Kama kijiko. Nikazipanda zote. Zikikataa, tungeenda agrovet na kichwa chini.

Zilimea chache. Moja ikanona, majani kama kiganja, na maua haikuwa na habari nayo. Nikaifunga kitambaa chekundu nilichokata kwa sweta yangu. Hiyo haichumwi.

Wakuu, kukaa na mboga nzuri bila kuila ni kazi. Mama Shiru alikuwa anapita na sufuria, anaiangalia, ananiangalia.

"Hata matawi mawili?"

"Hapana."

"Sawa. Nimesikia. Mke mwenza amenunuliwa leso."

Tukala cabbage ya kiosk.

Siku moja dada za Mama Shiru walikuja. Mmoja akatoka nje kusaidia kuchuma mboga, akaenda straight kwa ile ya kitambaa. Mimi nilikuwa mbali, nimeshika mpira wa maji, nikajua imeisha.

Kabla nifungue mdomo, nikasikia Mama Shiru kwa dirisha la jikoni:

"Wewe! Toa mkono! Huyo ni mke mwenza wangu!"

Matunda yake yalipoiva meusi, ni Mama Shiru mwenyewe aliyachuma, akayakamua kwa maji, akaanika mbegu kivulini.

Leo baridi imerudi, niko kando ya jiko tena. Kopo liko nusu, na jivu yake.

Nilichojifunza: ile unatamani kula sana, hiyo ndiyo ya kufunga kitambaa.

Sasa nyinyi wa Molo na kwingine, mbegu zenu mnatoa kwa gani? Semeni ukweli, msilaumu kuku.