Mbegu ya Mafuta

Kibanda cha chipsi cha mama yangu pale Salgaa, kituo cha malori, kilikuwa na sheria moja: mafuta hayamwagwi. Kila jioni alibakisha kidogo kwenye karai, asubuhi akaongeza mapya juu yake. Hii sheria aliitoa kwa uji. Kwao magharibi, uji wa wimbi hauchachi bila mbegu ya jana, basi naye akaamua hata mafuta yanataka mbegu.

"Mafuta mapya hayajui kazi," alikuwa akisema.

Yake yaliijua sana. Yalikuwa meusi kama lami, na nilishuku kuna tone mle ndani lililonizidi umri.

Mlaji mkuu alikuwa Baba, fundi wa malori. Mwaka huu akaanza kusimama katikati ya kilima cha kwenda nyumbani, mkono kifuani, akidai anatazama malori. Mtu anayeshinda chini ya malori! Kliniki wakasema mishipa ya moyo imeanza kubana, wakampa dawa, wakamwambia apunguze mafuta. Mama akamkataza nyama. Chipsi akamwachia. Viazi, alisema, ni mboga.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa bayolojia akatuchorea mshipa wa damu ubaoni. Mafuta huharibiwa na moto na hewa, akasema, na mafuta yaliyoharibika hivyo yakiwa kwenye damu huumiza ukuta wa mshipa. Seli za ndani zinakufa. Zile za misuli, chini yake, zinazaana ovyo. Njia inakuwa nyembamba.

"Kama matanga," nikasema. "Wenye nyumba wamekufa, wageni wanaongezeka na hakuna anayeenda kwao."

Darasa likaangua kicheko, nami nikatolewa nje. Huko nje kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimeliona lile karai.

Jioni nikapitia kibandani.

"Mathe, hiyo mbegu yako inaua seli za mzee."

"Nani amekufa?"

"Seli. Kwa mishipa."

"Nimelisha madereva miaka yote, hakuna aliyeangukia hapa."

"Si wana magari? Wanaenda kuangukia mbele."

Akainua mwiko. Nikazunguka meza.

"Ngoja, mum. Uji ukiharibika, unajuaje?"

"Nanusa."

"Halafu?"

"Namwaga. Kwani wewe unakunywa?"

"Basi nusa hayo."

Aliinama juu ya karai, macho kayafumba, vile hufanya na mtungi wa uji. Akanusa. Akanusa tena. Alipoinuka hakuniangalia mimi, aliangalia kilimani. Baba alikuwa amesimama pale pake, akitazama malori.

"Beba upande huo," akasema. "Tukapake nguzo za ua. Mchwa nao wajaribu."

"Yote?"

"Yote. Hata hao madereva ni baba za watu."

Siku hizi wateja wanapata chipsi za mafuta mapya, na wanalalamika zimepauka. Baba anapata viazi vya kuchemsha.

"Nani mgonjwa hapa," aliuliza siku ya kwanza, "mimi ama hivi viazi?"

"Kula," Mama akamjibu.

Akala.

Kilimani bado anasimama. Mimi nasimama naye.

"Lori hilo," aliniambia jana, akivuta pumzi, "breki zake ni mbaya."

"Mbaya sana, Baba," nikasema. Barabara ilikuwa tupu.