Matanga ya Danieli

Asubuhi ile tulikuwa tukigombania nazi. Mama mkwe wangu, Bi Marta, alishikilia kwamba mchuzi wa papa haupikwi kwa nazi moja, nami nikashikilia kwamba moja yatosha, maana nazi zilishaanza kuadimika Marikiti. Danieli, mume wangu, alikuwa akivaa viatu huku akicheka. "Pikeni kila mtu chungu chake," akasema. "Nikirudi nitaonja vyote." Alikuwa fundi cherehani katika duka la Khoja mmoja, karibu na nyumba tuliyopanga Mji wa Kale. Jioni alirudi, akala mchuzi, akausifu, kisha akatuambia kwamba amejiandikisha jeshini. Fundi wa sare hashiki bunduki, alisema, kwa hiyo tusiwe na hofu.

Siku zile za vita, manowari zilijaa bandarini Kilindini, na malori ya jeshi yalishinda yakinguruma Shimanzi. Jua likitua, taa ilikuwa marufuku kuonekana nje. Bi Rukia, mwenye nyumba wetu, alitupa buibui lake kuukuu tuzibie dirisha. Sisi tulikuwa Wakristo wa Kisauni, yeye ni Mwislamu, Mvita wa tangu mababu. Mama, ndivyo nilivyomwita mkwe wangu, alilitazama dirisha letu akasema, "Haya, hili nalo limesilimu." Bi Rukia alicheka mpaka akashika ubavu.

Danieli alipanda meli pamoja na wenzake. Hatukuambiwa waendako.

Mvua za masika zilipokuwa zikipungua, mwalimu wa kanisa alikuja na askari mmoja. Meli ilipigwa kombora baharini. Waliookolewa walikuwa wachache, na Danieli hakuwa miongoni mwao. Neno walilotumia ni "haonekani."

Bi Rukia alitoka chumbani kwake amekumbatia mkeka. Kwetu pwani, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, msiba ukiingia kitanda husogezwa, mkeka hutandikwa, na wanawake huketi na mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Mama akamzuia mlangoni.

"Urudishe, Rukia. Mwanangu yuwaja."

"Marta, watu watakuja kuwapa pole."

"Pole ya nini? Nani amemzika? Atakayetandika mkeka humu ndani, huyo ndiye atakayekuwa amemwua Danieli."

Bi Rukia alinitazama mimi. Danieli alikuwa mume wangu, lakini alikuwa mwanawe kabla ya kuwa wangu. Mkeka ukarudi ulikotoka.

Mfiwa asiye na mkeka ana taabu. Watu hawajui wampe pole au wamuulize habari za msafiri. Nilikwenda kisimani, nilifua, nilipika, na kila jioni nilipakua sahani ya tatu kwa amri ya Mama, kisha nikaifunika kwa kawa. Asubuhi chakula kile kililiwa na kuku wa Bi Rukia, wakanenepa. Sikulia. Ningelia wapi, na mama wa mtu yu macho makavu ananitazama? Kanisani walimsifu Mama kwa imani yake kubwa. Mimi nilimwona mwizi. Aliniibia msiba wangu, na bila msiba sikujua niagane vipi na mume wangu.

Niliomba sana, hilo nalisema bila haya. "Bwana, mlainishe Mama." Asubuhi na jioni, sala ile ile. Nilikuwa mcha Mungu wa namna hiyo, wa kumpelekea Mungu mioyo ya wenzangu aitengeneze, wangu nikiuacha nyumbani. Nilipomweleza mwalimu wa kanisa, alifikiri kidogo, akasema, "Foibe, hebu mwombe akupe wewe kitu cha kumpa mama yako." Nilinuna njia nzima. Nilikuwa nimekwenda kutafuta wa kunitetea, narudi nimeongezewa kazi. Hata hivyo, sala yangu ya zamani ilikuwa imenikauka mdomoni, nikaanza kuomba ile aliyonifundisha, kwa shingo upande.

Sikuona badiliko lolote. Ndugu yangu alipotuma habari kwamba atakuja kunichukua anirudishe kwetu Kisauni, nilifunga nguo zangu katika kanga bila kumuaga hata Mama. Nilijua ameona. Jioni hiyo tulikula, naye akaenda kuketi kizingitini.

King'ora kikalia.

Bi Rukia aliita kutoka chini ya ngazi, mahali tulipozoea kujificha. "Marta! Foibe! Ndooni!"

Mama hakuinuka. Mlango aliuacha wazi.

"Mama, twende."

"Nikifunga, akija atapita."

Ndege ilisikika upande wa bandari. Mtaani watu walikimbia, mtoto akalia, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Nilimshika mkono nimvute. Nguvu nilikuwa nazo, na hasira ya kutosha. Ndipo nilipoona mkono wake wa pili umeng'ang'ania kizingiti kama wa mtu anayezama.

Alikuwa anajua kwamba Danieli harudi. Alijua tangu siku ile ya kwanza, labda kabla yangu. Kizingiti kile ndicho kilichokuwa kimemshikilia asianguke.

Nikaketi.

Nilimfunika kwa kanga yangu, naye akauweka uso begani mwangu. Niliitafuta ile hasira nisiione. Najijua mimi. Sikuzaliwa mpole, na mama yangu mzazi angeapa hivyo mbele ya hakimu. Upendo niliokuwa nao saa ile kwa mwanamke yule nilipewa, na aliyenipa namjua.

Ndege ikapita. Baadaye tuliambiwa ilikuwa yetu wenyewe.

"Kesho wenda zako," Mama akasema.

"Siendi, Mama."

"Nimemwomba Mungu mpaka ulimi umechoka. Yuwapi, Foibe?"

"Mungu yupo hapa nasi," nikasema, nikajistaajabia kwa kuwa nilikuwa nasema kweli.

Hapo alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na mimi nikalia naye, na Bi Rukia akatoka chini ya ngazi akatukuta tumekumbatiana, akaketi nasi.

Kulipopambazuka, Mama alikwenda mwenyewe kuuomba mkeka. Tulikisogeza ukutani kile kitanda kizito, tukautandika. Wanawake walikuja, wa kanisani na wa mtaani, wakavua viatu na kuingia. Kama ilivyo desturi, walimwinamia kwanza mama wa marehemu. Yeye akawaonyesha kwa mkono nilipokuwa nimeketi.

"Huyu ndiye aliyefiwa," akasema. "Anzeni kwake."

Nikapewa pole, mkono baada ya mkono, hata nikamlilia mume wangu nikatosheka.

Vita vilipokwisha, askari walianza kurudi kwa meli. Nilidhani siku ya kuwapokea tungejifungia ndani. Mama ndiye aliyesema twende. "Wana wa wenzetu wanarudi na kiu," alisema, akabeba mtungi. Tulikwenda Kilindini, tukasimama katika msongamano wa akina mama wenye vigelegele, tukawanywesha maji vijana tusiowajua. Mama aliwashika mashavu, akawauliza wana wa nani, akafurahi nao, na furaha yake haikuwa ya kujilazimisha.

Watu huniuliza kama vita vile vilinipa chochote. Vilininyang'anya Danieli, na hakuna nilichopata baada yake kilichokuwa sawa na yeye. Mungu alinipa moyo wa kuishi bila yeye na kumpenda mama yake hadi nilipomzika. Ni vitu viwili mbalimbali, wala kimoja hakilipi kingine.

Siku ile bandarini tulikaa mpaka askari wa mwisho akateremka. Mama akapindua mtungi kumwaga maji yaliyobaki, akanishika mkono. Hakutazama nyuma. Mimi niligeuka mara moja, nikaitazama ngazi ya meli, ilikuwa tupu, kisha tukaenda nyumbani.