Chai ya Tatu ya Shekarau

Alikawia tumboni mwa mama yake karibu mwezi mzima, ndiyo maana akaitwa Shekarau, jina la watoto wasio na haraka ya kuzaliwa. Binamu yake Tasalla husema hakukawia, alikuwa anabana matumizi.

Na kweli, katika kijiji chao kusini mwa mji wa Maradi hakuna aliyejua kubana kama yeye. Wenzake huchemsha majani yaleyale ya chai mara tatu, ya kwanza chungu, ya tatu nyepesi na tamu, kisha huyamwaga. Yeye aliyafikisha mara ya tano, glasi ikawa na rangi ya maji yaliyonawiwa mikono.

Mwaka huo alipanda kunde nyeupe alizoachiwa na marehemu mama yake. Hakuna mwingine aliyekuwa na mbegu hizo, na baada ya mvua mbaya ya mwaka uliopita kilichobaki kilikuwa kibuyu kimoja tu. Alikipanda chote. Zikipotea, basi.

Vidukari walipoanza kujaa kwenye machipukizi, alinunua chupa ya dawa. Muuzaji alimwelekeza vifuniko viwili kwa kila bomba la kunyunyizia. Shekarau akatia nusu kifuniko na maji tele. Alipobakiza kona moja tu, kando ya ua wa mabua, akaona chupa bado ina kitu, akaifunga na kuiweka kwa ajili ya mwaka ujao.

Siku chache baadaye alikuwa anamsimulia Tasalla, aliyekuwa akikaanga bajia karibu na kisima, jinsi kipimo chake kilivyo cha busara. Hata wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa, wanaokula vidukari, hakufa hata mmoja. Aje aone mwenyewe.

Mtu mwingine angenyamaza kwa heshima. Lakini mtoto wa kaka na mtoto wa dada kwao ni watani. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Tasalla akaipua karai, akaenda.

Alichuchumaa kwenye shina la kwanza. Vidukari walikuwa wengi kuliko kabla ya dawa, wakubwa kwa wachanga. Mbawakawa mmoja alisimama katikati yao. Kidukari akapita mbele ya uso wake. Mbawakawa akainua mguu, akaushusha, akaanza kuzunguka palepale kama aliyesahau alichotumwa.

"Mtumwa wangu," Tasalla alisema, "kweli hujaua mtu. Umewapikia chai ya tatu, nyepesi na tamu. Vidukari wamekunywa wakapata nguvu ya kuzaa. Walinzi wako wamekunywa wakalewa."

"Lakini si wako hai?"

"Hata mume wangu yuko hai. Muulize lini alipasua kuni."

Akamvuta mkono hadi kwenye ile kona isiyopata dawa. Vidukari walikuwapo, ila wa kuhesabika, na mbawakawa walikuwa wameinamia kazi kama wageni waliowahi sinia la kwanza. Shekarau akasema kona ile hupata jua zaidi. Tasalla akamuuliza kama jua nalo linakula vidukari.

Jioni hiyo Shekarau aling'oa mashina yaliyozidiwa, akayafukia, na chupa yake hakuigusa tena, jambo lililomuuma kuliko vidukari wenyewe.

Wakati wa mavuno, shamba kubwa lilimpa maganda yaliyosinyaa. Ile kona ilijaza kibuyu hadi kidole kimoja chini ya mdomo. Hakukuwa na kunde za kupika, lakini mbegu ya mama yake ilikuwapo. Alikiziba kibuyu kwa nta, akakitundika juu kabisa.

Tasalla akaja kudai fidia yake ya mtani kwa kumfumbua macho. Shekarau akafungua majani mapya, akamimina glasi nyeusi tii. Tasalla akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Akanywa, uso ukamkunjamana kwa uchungu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliposhusha glasi, Shekarau alikuwa amekwisha kuongeza maji kwenye birika.