Kibao Kimoja kwa Mashine za Kila Nchi

Miaka ile ya sabini, nilipoajiriwa kwenye karakana moja Iringa, nilikuwa msichana pekee katika chumba cha wachoraji. Asubuhi nilipanda kilima na sweta langu jekundu huku nikiimba peke yangu, na watu walionipita walidhani nimepata mchumba. Nilikuwa nimepata kazi tu.

Karakana ilifunga mashine za kusaga na kukoboa vijijini. Tabu ni kwamba zilitoka nchi mbalimbali na kila moja ilikuwa na sura yake. Hii ina hendeli ya kuzungusha, ile ina mkono wa kuvuta, nyingine ina safu ya vitufe vyenye maandishi ambayo hata mkuu wetu hakuweza kuyasoma. Mtu aliyezoea moja, ukimpeleka kwenye nyingine, alisimama mbele yake kama mgeni aliyekosa kiti. Mimi nilitakiwa kuchora vibao vya bati vya kupigilia ukutani, vyenye picha za kumwonyesha aanze na nini, afuate na nini. Kila mashine ilipofika, nilianza upya.

Mwenzangu wa meza ya pili, kijana kutoka upande wa Tukuyu, alinitazama nikifuta na kuchora, akasema, "Ndugu, kwa nini unachora mashine? Chora kazi."

"Kazi ina sura gani?"

"Angalia maji. Fungulia mafuta. Washa. Subiri itulie. Funga mkanda. Si zote zinafanya hivyo?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Siku hiyo hatukwenda hata kunywa chai. Tulichora kazi mara moja, kwenye karatasi kubwa, bila mashine yoyote. Halafu tukaandika kanuni kwa chaki nyuma ya mlango: penye vitufe, "washa" iwe kidole kinachobonyeza, penye hendeli, iwe mkono na mshale wa duara, penye mkono wa kuvuta, iwe ngumi. Kwa kubadili ukubwa wa picha tulikuwa na fremu ya mbao yenye viungo kama mkasi: unafuatisha mchoro kwa ncha moja, na kalamu ya upande wa pili inauchora upya, mkubwa au mdogo upendavyo. Kufikia jioni tulikuwa na vibao vya mashine tatu zisizofanana. Tulipeana mikono kama mawaziri, tukacheka mpaka mkuu akaja kuuliza kama tumelewa.

Alitutuma tukavijaribu. Lori la karakana lilitushusha Igawa, kwenye kinu kidogo cha kukoboa mpunga, ambako akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Tulipigilia kibao kidogo kuliko vyote. Mama mmoja wa Kisukuma, ambaye familia yake ilikuwa imehamia Usangu na ng'ombe wao, alisogea, akakitazama, akageuka.

"Mwanangu, kumbe tuchinje kuku kwanza?"

Nikaangalia. Fremu ilikuwa imeupunguza mkono niliouchora ukibonyeza kitufe, wenye kiwiko na mkunjo wa shati, mpaka ukawa mguu wa kuku mtupu. Akina mama waliangua kicheko, mwenzangu akakaa chini kwa kucheka, na mimi machozi yalinitoka, sijui ya aibu au ya nini.

"Basi mama, ungetaka uone nini?" nikamuuliza.

"Kidole. Shati la nini?"

Niling'oa bati, nikaligeuza, nikachukua chaki na kuchora picha zote upya. Nikatupa shati, nikatupa kiwiko, nikabakiza kidole kimoja kinene kilichojaza nafasi yote ya picha yake. Mwenzangu aliandika kanuni mpya kiganjani mwake: kibao kikiwa kidogo, usipunguze, ondoa. Yule mama alifuata picha moja baada ya nyingine, akiguna kwenye kila moja. Mashine ilikohoa, ikanguruma, pumba zikaruka mpaka kwenye nywele zetu. Mama alipiga vigelegele na wenzake wakamjibu.

Tulipofika Mbeya tulikuta mashine kubwa ya vitufe ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa tangu ifungwe. Hatukuwa na kibao chake. Tukakaa sakafuni na ile karatasi ya kazi, na kabla ya chakula cha mchana kibao kilikuwa ukutani. Mwendesha mashine wa pale alibonyeza, ikawaka. Alitukumbatia wote wawili kwa pamoja, hata vichwa vyetu vikagongana.

Tulikwenda sokoni kula ndizi na nyama. Mwenzangu alikuwa bado anajishika paji la uso.

"Hivi nyumbani kwenu," akasema, "mtu akitaka kuja kusema jambo, aanze na nani?"

"Shangazi," nikasema. "Halafu baba."

"Na baada ya baba?"

"Subiri itulie," nikamjibu, na mchuzi ukanipalia.

Shangazi alimkubali siku ileile alipofika kuleta posa. Baba hakumkubali mpaka wakati wa mavuno.