Ya Plamedi Inaimba

Juzi nilipeleka simu kwa fundi mmoja hapa Sandton. Alipogusisha pasi yake ya kuunganishia nyaya kwenye lehemu, ule moshi mwembamba wenye harufu inayokaribia ubani ukanipanda puani. Nikasimama pale kaunta na suti yangu ya ofisini, nikaona wivu. Ndiyo, wivu! Mtu mzima, mama wa watoto, na bado moshi wa lehemu unanirudisha kwa Plamedi.

Baba yangu, mtu wa Tanga, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu Jeppestown, upande wa makabwela wa jiji hilihili. Mlango wa pili palikuwa na cherehani ya Mama Plamedi, Mkongo wa Lubumbashi, na jioni sote tulirudi nyumba moja ya kupanga kule Troyeville. Plamedi alikuwa bintiye wa pekee, rika langu, mpole hadi anaudhi. Baba yake alikuwa amebaki Kongo. Jumamosi Baba alitufundisha sote wawili kuunda amplifaya za spika za masikioni: chipu moja, betri, nyaya kadhaa, vyote ndani ya kopo la peremende. Unachomeka simu upande mmoja, spika upande wa pili, na sauti iliyokuwa inanong'ona inapata nguvu.

Baba hakuwa mtu wa kusifu. Redio ikipona vizuri alisema tu, "Inaimba," akaiweka rafuni. Mimi nililitaka neno hilo kuliko nguo ya Idi. Nililitaka liniangukie mimi, mbele ya watu.

Siku ya kuonyesha kazi zetu nililipaka kopo langu rangi ya kucha, nyekundu, likapendeza kweli. Wateja wawili watatu walikuwa wanasubiri, na Mama Plamedi akaja na pini zake mdomoni. Baba akavaa spika. Nami kopo nimelikumbatia kwa viganja vyote, maana nilishagundua kwamba likishikwa hivyo linatulia.

"Liachie," Baba akasema.

Nikaliachia. Likavuma kama friji bovu la spaza, kile kiduka cha mtaani.

"Waya wa ardhi hujaufunga. Utarudia."

Kisha akachukua la Plamedi, kopo tupu lisilo na rangi wala urembo. Akasikiliza, akasikiliza, hadi miguu ikaniwasha. "Ya Plamedi inaimba," akasema, akampapasa kichwa yule mtoto wa watu. Na mimi je, sina kichwa? Nilichemka! Niliomba kopo lile lidondoke, na mwenyewe arudi kwao kwa basi la kwanza.

Mama Plamedi, kwa furaha yake, akanivalisha spika zile. "Unasikia nini, mwana yangu?"

Watu wote wakanitazama. Ndani ya masikio yangu mwanamume alikuwa anasema, "Plame, mwana yangu, unakula muzuri?" Ilikuwa sauti ya baba yake, iliyotumwa kwa simu kutoka Lubumbashi. Mimi maneno sikuyajali. Nilichosikia ni ule usafi, hadi mtu akimeza mate unamjua, na kopo halivumi hata kidogo.

"Nasikia wivu," nikajibu.

Kicheko! Kwetu wivu tunauona. Ni wao Wakongo wanaousikia, sawa na njaa na baridi. Swali la Mama Plamedi lilikuwa limenichomoa jibu la kwao. Yeye alicheka hadi akatema pini, na mteja mmoja Mzulu, asiyejua hata neno moja, akacheka pia na kusema "Eish!"

"Ala! Mtoto huyu ana makubwa," Baba akasema. Akanivuta, akanikalisha pajani, akanishikisha pasi, mkono wake juu ya mkono wangu. Tukaanza kuufunga waya ule palepale, mimi nimenuna, kamasi zinanitoka. Plamedi akaja kusimama mbele yetu, kopo lake kifuani, anaitazama mikono yetu.

Nikamvamia, "Na wewe unasikia nini?"

"Ata miye," akasema polepole. Hata mimi.

Loo! Nilidhani ananikejeli. Ameshinda, amepapaswa kichwa, sasa anataka na machozi yangu ayafanyie mzaha. Nikamnunia siku nyingi, na hakuniuliza kwa nini.

Mwaka jana nilimkuta mume wangu mezani anamfundisha binti yetu kushika kalamu. Alikuwa anamkosoa, anamgombeza, na mkono wake haubanduki juu ya mkono wa mtoto. Nikashika mlango. Siku ile mimi na Plamedi sote tulikuwa tumetamani baba, mimi nikadhani anapatikana kwenye neno moja la sifa, na kumbe nilikuwa nimemkalia pajani.

Plamedi aliponijibu siku ile hakuwa amevaa spika yoyote; alikuwa anaitazama mikono yetu.