Wale wa Mstari ya Nyuma

Siste yangu alipangiwa shule ya katikati ya tao, na mathe akakasirika kama mtu ameuziwa simu akafungua akapata ni kipande ya sabuni.

"Hiyo ni shule ama ni ofisi?" akauliza. "Mimi hupita hapo. Mbele ni gorofa, nyuma ni benki, na kwa geti kuna mtu anauza soksi."

"Na viazi karai," nikamuongezea. "Usisahau viazi."

"Baba, leo sitaki mchezo."

Mathe huniita baba juu nimepewa jina ya babake, mzee wa huko magharibi. Hiyo hunisaidia sana. Hata akikasirika aje, kuna matusi hawezi nipiga nayo.

Mimi shule yangu iliishia class eight. Lakini nafanya kazi kwa duka hapo Adams Arcade. Tunapiga fotokopi, tunapiga picha za pasipoti na za shule, na tunasaidia wazazi kuingia kwa tovuti ya serikali kutafuta barua za watoto za kuitwa shule. Kwa hivyo kwa nyumba yetu mimi ndio wizara ya elimu. Password zote ziko kwangu.

Barua ya siste ilitoka Jumatatu, mimi ndio niliiprinti. Ukitaka kubadilishiwa shule, ulikuwa na mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Na mathe alikuwa ashachagua penye anataka tuombe: shule fulani ya Ngong Road, yenye geti ya rangi na bango kubwa ya mean. Mean ni ile wastani ya shule nzima kwa mtihani wa form four. Kwa hiyo bango mean ilikuwa inapanda kila mwaka kama ngazi.

Hii akili hakuitoa kwake. Aliitoa Kitisuru, kwa madam mwenye yeye humfulia na kumpikia. Madam ni mtu mpoa. Alishika kalamu akachora shule mbili kwa karatasi, akaandika mean za miaka kadhaa chini ya kila moja. Ya Ngong Road akaichorea mshale unaenda juu. Ya tao akaichorea mshale umelala. Mathe akarudi na hiyo karatasi ikiwa ndani ya Biblia.

"Madam amesema namba hazidanganyi," akasema.

"Namba hazidanganyi, lakini zinaweza nyamaza," nikamjibu. Sikuwa najua kama ni kweli. Ilisikika tu poa.

"Basi wewe mwenye masikio enda uziongeleshe. Ijumaa nataka jibu."

Siste mwenyewe anataka kufanya sayansi, akuwe mtu wa maabara, yule huangalia damu akakwambia uko na malaria. Shida ni hesabu. Siste hushika hesabu pole pole sana, unaweza lala ukaamka umpate bado kwa swali la pili. Lakini akishashika haisahau. Gredi ya tisa alipita kwa hiyo njia tu. Sasa, kwa huu mfumo mpya usio na form one, alikuwa na miaka tatu ya kukaa mahali, na hiyo mahali ingechaguliwa na mshale.

Jumanne wakati wa lanchi nikavuka nikaenda hiyo ya Ngong Road. Ofisini nikapata mzee ako na tai na chai. Akanipea brosha. Nikaiangalia, nikaona ile kona imechapwa vibaya. Mimi ndio nilikuwa nimeichapa.

"Mnachukua wanafunzi wa aina gani?" nikamuuliza.

"Wale bora."

"Na wakiacha kuwa bora?"

Akaweka chai chini. "Kijana, umetumwa na nani?"

"Mathe."

"Mwambie mama mambo yote iko kwa brosha."

Nikamuuliza kitu moja ya mwisho. Wale waliingia form one, ni wangapi walifika mtihani? Akaniambia hiyo ni siri ya shule. Nikamuuliza ripoti ya wakaguzi wa elimu, akasema walipewa pongezi. Nikasema naweza iona? Akasema pongezi haionwi, inasikika. Huyo mzee tungekuwa marafiki mahali pengine.

Kurudi kazini nikawa nafikiria. Mama mboga akichagua nyanya ngumu peke yake asubuhi, jioni bado zitakuwa ngumu, na huwezi sema ni yeye alizifanya ngumu. Hiyo shule inachukua wale wako na alama kubwa. Wakitoka na alama kubwa, mwalimu alifanya nini hapo katikati? Labda alifanya kazi mingi. Labda alikunywa chai. Mshale wa madam hauwezi kukwambia.

Jumatano nikaomba ruhusa nikaenda tao. Soldier wa geti alinisalimia, "Niaje, umeleta soksi?" Nikamwambia mimi ni mzazi. Akacheka mpaka akanifungulia.

Shule yenyewe ni ndogo, hiyo sitaficha. Uwanja ni ile nafasi gari ya maziwa hugeukia. Wanafunzi walikuwa wanacheza voliboli na wavu imefungwa kwa bomba ya maji. Nikapelekwa kwa mwalimu mmoja, mama wa makamo, ndio mkubwa wa masomo hapo. Miwani yake ilikuwa na mguu moja, ule mwingine ni waya.

Nikamuuliza yale maswali yangu. Nikangoja aniulize nimetumwa na nani. Akatoa faili.

"Hii ni ya wakaguzi. Soma hapa hapa. Hata sisi tulipoisoma tulichukia."

Ilikuwa imeandikwa choo hazitoshi. Maabara moja, mabomba kadhaa ya gesi hayafanyi. Uwanja hakuna. Vitabu za fizikia watoto wanasoma watatu kwa kimoja. Halafu ukurasa ya nyuma, kwa mistari mbili tu: walimu wanaingia darasani, daftari zinasahihishwa, na wakaguzi walikuja bila kutangaza.

Hiyo ya bila kutangaza ilinigusa mahali. Primary yangu, wakaguzi wakikuja, mimi na wenzangu watatu tulikuwa tunapewa mitungi na kuambiwa tukachote maji, tusirudi mpaka tuone gari yao imetoka. Tulikuwa tunapenda sana wakaguzi. Ilichukua miaka kabla nijue ni sisi tulikuwa tunafichwa.

"Na mean yenu?" nikamuuliza mwalimu.

"Si umeiona? Imelala," akasema. "Sisi hatuchagui. Tukiletewa mtoto tunapokea, hata akuje na alama za kuokota."

Akatoa kitabu kubwa, ile ya kuandikisha kila mwanafunzi siku ya kuingia. Akachukua futi akafunika majina. "Majina si yako," akaniambia. "Angalia hapa kando."

Upande wa kushoto kulikuwa na alama mtu aliingia nayo class eight. Upande wa kulia, gredi alitoka nayo form four. Nikashuka na kidole. Huyu aliingia na mia mbili na kidogo kwa mia tano, akatoka na C. Mwingine kama huyo, akatoka na C ya kujumlisha. Kulikuwa na D pia, zilikuwa mingi, na A ilikuwa imepotea njia kabisa. Lakini kila mstari ulikuwa na kitu mwishoni. Kwa wale hawakufika mtihani kulikuwa na nafasi ya maelezo, na mtu alikuwa amejaza kwa penseli. Alihamia Kakamega na mamake. Alijifungua, amerudi, yuko darasa la chini. Alienda kufanya kazi, tulimpigia mara tatu. Mmoja alikuwa amefariki, na hapo kulikuwa kumeandikwa kwa peni.

"Ni nani huandika hizi?"

"Mimi. Mtu akipotea lazima nijue ameenda wapi." Akarudisha futi kwa droo. "Mkubwa wangu husema napoteza penseli."

Nikarudi Adams na swali moja kwa kichwa: hii kitabu ya Ngong Road inasemaje? Hawangenionyesha, hiyo nilijua. Halafu Alhamisi, nikiwa nafuta picha za zamani kwa kompyuta ya duka juu ilikuwa imejaa, nikakumbuka kumbe mimi pia niko na kitabu.

Sisi ndio hupigia hiyo shule picha ya darasa. Kila mwaka, nje ya lango yao, wakubwa nyuma, wafupi mbele, walimu wameketi. Nikatafuta ile ya form one ya miaka minne nyuma. Nikatafuta ya darasa hilo hilo wakiwa form four. Nikaziweka kando kando.

Form one walikuwa wamejipanga mistari nne. Form four walikuwa mistari mbili, na huo wa pili ulikuwa na mapengo.

Nilikuwa nimezipiga zote mbili mwenyewe. Ya pili nakumbuka niliwaambia wasongeane wasikae kama meno ya mzee, na wakacheka.

Sasa, mtu huhama, sikatai. Wazazi huhamishwa kazi, watu hukosa pesa. Sijui wote waliendanga wapi. Lakini mmoja nilimjua. Alikuwa mstari ya nyuma kwa ile ya form one, msichana mrefu. Mwaka huo wa mwisho alikuja dukani kupiga picha ya kujisajili mtihani, akavua sweta ya shule akaificha kwa begi. Nilimuuliza kwa nini, na picha ingetoka poa na sweta. Akasema ameambiwa aende afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwingine, juu atawaharibia mean. Alikuwa anasema tu vizuri, kama mtu anakuelezea stage ya matatu. Nilimpiga picha nikampea risiti.

Mathe alipita dukani jioni hiyo akitoka kazi, bado na kafuko ka mboga amepewa na madam. Siste alikuwa naye, katika ile sweta yake ya gredi ya tisa. Nikawaonyesha hizo picha mbili.

"Hawa ni kina nani?" mathe akauliza.

"Hawa ni hawa," nikasema. "Hapa form one, hapa form four."

Akaangalia. Akainamia kioo, akaanza kuhesabu na kidole bila sauti, akaacha.

"Na hawa wengine?"

"Walitolewa kwa hesabu. Mama, ona hivi. Ukitaka akili ya nyumba yetu ipande, huhitaji kusomesha mtu. Nifukuze mimi. Kesho asubuhi mean yetu imepanda, na hakuna mtu amefungua kitabu."

Kwa kawaida hiyo angeicheka. Hakucheka. Juu yeye anajua hiyo hadithi. Class seven mimi niliirudia mara mbili, mwalimu mkuu akimwambia mathe nikiwachiwa niingie class eight nitaangusha shule. Mathe alikuwa anakubali, anasema ndio mwalimu, asante mwalimu. Wakati nilifika mtihani nilikuwa na ndevu, na wasee wa umri wangu walikuwa wanabeba mawe kwa mjengo Westlands. Niliwafuata. Sisi wawili hatujawahi kuongelea hiyo kitu.

"Bado kuna hiyo ya gesi," nikasema, juu haki ni haki. "Maabara ya tao mabomba zingine zimekufa. Choo ni chache. Sayansi atafanya kwa shida. Hii ingine iko na maabara mpya, niliiona na macho."

"Akifika hiyo maabara mpya akiwa bado kwa swali la pili," mathe akauliza pole pole, "watamngoja?"

Siste ndio alijibu.

"Mum, mimi ni wa mstari ya nyuma," akasema. "Na si juu ya urefu."

Ile ukurasa ya kuomba kubadilisha ilikuwa wazi kwa kompyuta ingine, jina yake ishaingia, imebaki kubonyeza. Mathe akaiangalia kama mtu ameangalia sufuria ya jirani. Akasema nifunge.

"Na madam utamwambia nini?"

"Nitamwambia namba zimeongea," akasema. Akachukua mboga zake. "Na wewe baba, hizo picha usifute."

Siku ya kuripoti tuliingia sisi watatu. Soldier akamuuliza mathe, "Na huyu mzazi mwingine umemtoa wapi?" Mathe akamwambia huyu ndiye mkaguzi. Kwa hiyo ofisi mwalimu alikuwa na ile kitabu kubwa, na mguu wa miwani ulikuwa umewekwa waya mpya. Akaandika jina ya siste kwa peni, tarehe, alama za gredi ya tisa. Hesabu akaiandika vile ilikuwa, bila kukunja uso.

Mathe alikuwa anafuata kalamu. Akafika ile nafasi ya mwisho, ile tupu.

"Na hapa ni pa nini, mwalimu?"

"Hapo ni pa maelezo. Mtoto akiondoka kabla ya mtihani, tunaandika alienda wapi."

Mathe akaweka kidole juu ya hiyo nafasi, kidole cha mtu wa kufua, kimekauka hapo kwa ncha. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko vile watu hufanya kwa ofisi.

"Basi yake usiandike kitu," akasema.

Mwalimu akasema atajaribu. Akangoja atoe kidole, ndio akafunga kitabu. Siste akaonyeshwa darasa, gorofa ya tatu. Mathe akaelekea Kitisuru, amechelewa. Mimi nikarudi Adams. Kulikuwa na foleni ya picha mpaka nje, wengi na sweta mpya za ile shule ya Ngong Road, na nikawapiga mmoja mmoja.