Samaki Juu ya Kitanda cha Marehemu

Baada ya kumzika mume wangu, ukoo ulikuja kugawana vitu vyake. Mmoja akachukua redio, mwingine koti, mwingine baiskeli isiyo na mnyororo. Kitanda hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye springi, na mume wangu alikondea juu yake mpaka akaisha. Wakati ule, huku kwetu Muleba, ugonjwa wenyewe tulikuwa tunauita kwa majina ya nguo na ya wachawi, jina lolote ila lake. Koti alilokuwa akitokwa jasho ndani yake halikumtisha mtu. Kitanda ndicho kilichokuwa na hatari.

"Kichomwe," akasema shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, akiwa amesimama mbali na mlango.

"Chuma kinaungua?" akauliza mama mkwe.

"Basi kizikwe."

"Tumeshamzika mwenyewe. Na kitanda nacho tukiimbie mapambio?"

Mama mkwe alikuwa mfupi, mdomoni hakukosi kiko, Mlutheri wa kubatizwa utotoni. Alimwamini Mungu sana, ila sidhani kama alimwogopa. Alikuwa ameshazika watoto watatu, na huyo wa tatu alipofukiwa niliona kama ameacha kuogopa kitu chochote. Wenzangu waliofiwa walirudishwa kwao na vifurushi vyao. Mimi aliniambia, "Ukiondoka, nani atanipikia? Kaa." Nikakaa.

Kitanda kikaegemezwa ukutani nje, kuku wakakifanya chao.

Siku moja tulitoka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na sangara ambao mtumbwi wa kutoka kisiwa cha Bumbire ulikuwa umewaleta wengi kuliko wanunuzi. Tuliwabanika juu ya shimo la moto kama kila mtu. Mbwa wakala nusu, mvua ikamalizia nusu. Mama mkwe akavuta kiko, akatazama kitanda.

"Zamani, kwa wamisionari," akasema, "niliona tanuri la chuma la kukaushia nguruwe kwa moshi. Lina mfuniko na bomba. Mwanangu alirudi vitani na nini?"

"Pipa la dizeli, mama. Na hadithi."

"Hadithi hazibaniki samaki. Lete pipa."

Pipa hilo mume wangu alilibiringisha kutoka njia ya mpakani vita vilipokwisha, akatamba nalo kijiji kizima kana kwamba amemteka jenerali. Tulilijaza maji kwanza ili mvuke wa dizeli usituue, tukayamwaga, tukaanza kulipasua kwa tindo na nyundo, kwa urefu, kama mtu anayepasua papai. Kelele zilifika barabarani. Majirani walikuja kuchungulia, wakaona wanawake wawili wafiwa wanapiga chuma, wakaondoka wakitikisa vichwa. Bawaba tulizitoa kwenye mlango wa lori la jeshi lililokuwa limeoza mtaroni, na bomba la moshi likatoka kwenye ekzosi ya lori hilo hilo.

Kilichobaki ni wavu wa kuwalaza samaki. Hapo nikasita mbele ya springi za kitanda, tindo mkononi.

"Unaogopa nini?" akauliza mama mkwe.

"Alifia hapa, mama."

"Akiwa hai hakunifanyia kazi hata siku moja. Acha sasa anisaidie. Kata, mwana wange."

Nikakata. Nililia nikiwa nakata, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni, maana nilijua alikoupata ule ugonjwa, na kijiji kizima kilijua. Kila springi niliyoikata niliipa jina la mwanamke mmoja. Mama mkwe alinisikia. Majina mawili alinisahihisha.

Samaki wa kwanza walinuka dizeli. Mbwa wa jirani alimnusa mmoja, akatutazama kwa masikitiko, akaenda zake. Tukalichoma pipa tupu kwa moto mkali, mwali ukaturamba nyusi, tukalisugua kwa mchanga na majivu, tukalichoma tena. Tukajaribu kuni za mkaratusi, samaki wakawa na ladha ya dawa ya kikohozi. Mwishowe tukatumia matawi ya mibuni tuliyokuwa tumeyapogoa kibanjani, shambani kwetu nyuma ya nyumba. Siku hiyo sangara walitoka wekundu kama dhahabu, mafuta yakiwatiririka. Mama mkwe akala kichwa kizima.

Nilianza kuwapeleka sokoni Bukoba. Wanawake waliniuliza siri, nikawaambia ukweli: kitanda cha marehemu. Wakacheka, wakadhani natania, wakanunua.

Ndipo shemeji akarudi, safari hii akasogea mpaka kwenye tanuri lenyewe.

"Hii ni mali ya ukoo," akasema. "Ya kaka yangu. Nimekuja kuichukua."

Mama mkwe akatoa kiko mdomoni. "Ni haki yako, waitu, bwana wetu. Lakini urithi hauchukuliwi nusu. Ni kitanda hiki. Lala kidogo juu yake, tukuone, kisha ubebe."

Akafungua mfuniko. Moshi ukatoka. Shemeji alitazama zile springi, akazitambua, akarudi nyuma hadi akakanyaga kuku. Hakuaga. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, kisha nikaona aibu kucheka nikiwa bado na kitambaa cha kufiwa kichwani, kisha nikacheka tena.

Kipimo cha ugonjwa ule kilipofika kwetu, nilikwenda hospitali nikiwa nimeshaamua nani atarithi sufuria zangu. Nikaambiwa sina. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama mkwe ameinama penye moshi.

"Wamesema sina, mama."

Akajifuta macho kwa kona ya kanga, akasingizia moshi.

"Basi geuza hao samaki," akasema. "Wanaungua."